Blogu na Tovuti za Siasa Zilizonifaa Zaidi Mwaka 2024

Mwaka 2024 haukuwa na uhaba wa maneno ya siasa katika nchi zetu. Kenya vijana waliingia barabarani kuupinga Muswada wa Fedha, na tarehe 25 Juni Bunge likavamiwa. Uganda matumizi ya Bunge yalianikwa hadharani karatasi kwa karatasi. Tanzania ilianza mwaka kwa sheria mpya za uchaguzi na kuumaliza kwa uchaguzi wa serikali za mitaa. Na mashariki mwa Kongo vita viliendelea huku Kinshasa ikianza kuzungumzia katiba mpya. Kila moja ya mambo hayo lilifuatwa na mafuriko ya video, sauti za kusambaziana na machapisho mafupi, ambamo watu walieleza kwa uhakika mkubwa mambo wasiyokuwa na njia yoyote ya kuyathibitisha.

Kwa hiyo nilipopanga orodha yangu ya mwaka huu nilitumia kipimo kimoja tu, nacho ni kama mwandishi ananionesha karatasi. Nikisema karatasi nina maana ya muswada wenyewe, ukurasa wa Hansard (kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge), ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), orodha ya kura, au hati ya malipo, yaani kitu ambacho msomaji anaweza kukishika na kufikia uamuzi wake hata kama hakubaliani na aliyemletea. Maoni ninayapenda, na baadhi ya waandishi nitakaowataja wana maoni makali sana, lakini maoni yasiyo na karatasi nyuma yake yananiacha pale pale nilipokuwa kabla sijasoma.

Msomaji atagundua kwamba blogu za mtu mmoja ni chache katika orodha hii. Hali haikuwa hivi zamani. Ndesanjo Macha alipoanzisha Jikomboe mwaka 2004, na Muhidin Issa Michuzi alipofuata mwaka 2005 kwa blogu yake ya picha na habari, mtu mmoja mwenye kompyuta na muda wa jioni alitosha kuwa chombo cha habari. Kenya nayo ilikuwa na Ory Okolloh na Kenyan Pundit, blogu iliyosomwa kwa hamu wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Serikali ilipokuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tanzania mambo yalibadilika hasa mwaka 2018, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipomtaka mwenye blogu alipie maombi shilingi 100,000, leseni shilingi milioni moja, na ada ya mwaka shilingi milioni moja nyingine. Kanuni hizo zilirekebishwa baadaye, lakini wapo waliozima blogu zao wasizirudie tena. Uandishi wa siasa wenye kina umehamia kwa sehemu kubwa kwenye taasisi ndogo zenye wahariri, wanasheria na wafadhili, na orodha yangu inafuata hali hiyo ilivyo.

Nafasi ya kwanza ninaipa kazi ya Waganda, bila kusita, ingawa sehemu kubwa yake haikufanyika kwenye tovuti bali kwenye mtandao wa X. Mwishoni mwa Februari 2024, kundi la Agora Discourse, likiwa na mwandishi na mwanasheria Agather Atuhaire, kwa kushirikiana na Jimmy Spire Ssentongo, mchoraji wa vibonzo wa gazeti la The Observer na mhadhiri wa Makerere, walianza kuchapisha nyaraka za ndani za Bunge la Uganda chini ya alama ya reli (#) iliyolipa zoezi hilo jina la maonesho ya Bunge. Ssentongo alikuwa amekwisha kuujaribu mtindo huo Aprili 2023, alipowaomba wakazi wa Kampala wapige picha mashimo ya barabara zao na kuzituma. Mashimo yakajaa mtandaoni kwa siku kadhaa, na Rais Museveni akaagiza shilingi bilioni sita za Uganda zitolewe kwa ajili ya matengenezo. Maonesho ya Bunge yalikuwa hatua ngumu zaidi, kwa sababu shimo la barabarani kila mtu analiona, ilhali hati ya malipo hukaa ndani ya faili.

Kilichonivutia ni nidhamu ya kazi yenyewe. Kila siku ilikuwa na hoja yake: nani aliajiriwa, safari za nje ziligharimu kiasi gani, fedha zilizoombwa kwa jina la Spika ziliingia katika akaunti ya nani. Hati iliwekwa, ikafuatiwa na maelezo mafupi, na baada ya hapo wananchi wakaachiwa kuuliza. Mfano ambao hautanitoka ni wa kile kilichoitwa tuzo ya utumishi, shilingi bilioni 1.7 za Uganda zilizoidhinishwa na makamishna wa Bunge mwaka 2022 na kugawanywa miongoni mwao: milioni 500 kwa Mathias Mpuuga, ambaye wakati huo alikuwa Kiongozi wa Upinzani, na milioni 400 kwa kila mmoja wa makamishna wengine watatu. Mfano huo una uzito kwa sababu haukuigusa kambi ya Serikali peke yake. Waandaaji waliuweka hadharani wakijua kwamba ungekiumiza chama cha upinzani ambacho wengi wa wafuasi wao wanakipenda, na kweli chama hicho kilimtaka Mpuuga aachie ukamishna. Mwandishi wa siasa anayeweza kuwaudhi wasomaji wake mwenyewe kwa hati iliyo wazi ninamwamini hata katika jambo jingine ambalo sina njia ya kulihakiki.

Ni vyema pia kutofautisha mambo, kwa sababu mtandaoni yalichanganywa. Vikwazo ambavyo Uingereza ilimwekea Spika Anita Among tarehe 30 Aprili 2024 vilihusu kashfa ya mabati yaliyokusudiwa wananchi wa Karamoja, na nyaraka za maonesho hayo hazikuwa msingi wake. Maonesho yalifanya jambo jingine: yaliwapa vijana wa Kampala lugha na takwimu za kudai uwajibikaji, na walipojaribu kuandamana hadi Bungeni tarehe 23 Julai, wengi wao wakiishia mikononi mwa polisi, mabango yao yalikuwa na hoja mahususi kuhusu Bunge hilo.

Kasoro za kazi hii ninaziona mbili. Ya kwanza ni kwamba picha za hati zilizotawanyika ndani ya mlolongo wa machapisho ni vigumu kuzitafuta baada ya miezi sita. Anayetaka kuandika historia ya Bunge hilo angehitaji hazina iliyopangwa kwa tarehe, kwa idara na kwa kiasi cha fedha. Ya pili ni nzito zaidi. Katika hati za malipo yamo majina ya watumishi wa kawaida ambao akaunti zao zilipitishiwa fedha, na sidhani kwamba katibu muhtasi aliyeagizwa na mkubwa wake anastahili kuanikwa kwa kiwango kile kile na aliyetoa agizo. Ningependa kuona majina ya wadogo yakifichwa na ya wenye madaraka yakibaki. Hata hivyo sikuona, katika nchi zetu mwaka huu, kazi nyingine ya maandishi ya siasa iliyowaweka wananchi karibu na ushahidi kiasi hiki.

Nafasi ya pili ni ya Mzalendo ya Kenya. Hii si ngeni. Ilianzishwa mwaka 2005 na Ory Okolloh na mwenzake, wakati ambapo tovuti ya Bunge la Kenya ilikuwa imefungwa baada ya baadhi ya wabunge kulalamikia kuwekwa hadharani kwa wasifu wao. Wazo lilikuwa dogo na safi, nalo ni kwamba kama Bunge halitaki wananchi wajue wabunge wao ni akina nani na wanasema nini, basi wananchi wataandika wenyewe. Mwaka 2012 tovuti ilijengwa upya, na leo, chini ya Mzalendo Trust, mtu anaweza kutafuta jina la mbunge au seneta, akasoma michango yake kutoka kwenye Hansard, akaona anakaa kamati gani, na kupitia jukwaa lao la Dokeza akatoa maoni kuhusu muswada kifungu kwa kifungu.

Sababu ya kuichagua mwaka huu inaeleweka kwa kukumbuka Juni. Muswada wa Fedha wa 2024, uliokusudia kukusanya takriban shilingi bilioni 346 za Kenya kwa kodi mpya na nyongeza, ulisomwa na vijana kwa namna ambayo sikumbuki muswada mwingine wowote kusomwa. Waliukatakata, wakaufafanua kwa video fupi, wakautafsiri kwa lugha zao za nyumbani, wakaeleza asilimia 16 ya kodi kwenye mkate na asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Katika usomaji wa pili wabunge 204 waliunga mkono na 115 wakapinga; tarehe 25 Juni, muda mfupi kabla ya waandamanaji kuingia Bungeni, 195 waliupitisha na 106 wakaukataa. Siku iliyofuata Rais Ruto alitangaza kwamba hatautia saini. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilihesabu vifo 39 kufikia mwanzoni mwa Julai. Katika siku kama hizo watu hutafuta mbunge wao alipiga kura gani, na hutafuta kwa hasira. Chombo ambacho kwa miaka karibu 20 kimekuwa kikiwazoeza Wakenya kwamba kura na kauli za mbunge ni mali ya umma kina sehemu yake katika mwamko huo, hata pale ambapo vijana wenyewe hawakuwahi kukifungua.

Thamani yake ya kweli lakini huonekana umati ukishaondoka barabarani. Tarehe 11 Desemba 2024 Rais aliidhinisha sheria ya marekebisho ya kodi, na baadhi ya mapendekezo yaliyokuwamo katika muswada uliokataliwa yakarudi, ikiwamo kodi kwa kampuni za nje zinazofanya biashara Kenya kwa njia ya mtandao. Kelele zilikuwa chache kuliko za Juni. Huhitaji kuwa mpinzani wa kodi hizo, na binafsi baadhi yake naziona za haki, ili kutambua kwamba muswada wa Desemba ulistahili kusomwa kwa bidii ile ile, na kwamba ni mfuatiliaji asiyechoka peke yake anayeweza kukuonesha kifungu kilichotoka kwa mlango wa mbele mwezi wa sita na kuingia kwa dirisha mwezi wa kumi na mbili.

Kile nisichokubaliana nacho ni ripoti yao ya kila mwaka ya kupima wabunge, ambayo magazeti huisubiri kwa ajili ya kichwa cha habari kuhusu wabunge walionyamaza. Kuhesabu mara ambazo mtu amesimama ukumbini kunampa alama nzuri anayependa maikrofoni na kumwadhibu anayefanya kazi ya uchungu ndani ya kamati, ambako vifungu vya sheria hasa ndiko vinakosukwa. Mzalendo wenyewe hawafichi jinsi wanavyopima, lakini msomaji wa kichwa cha habari haoni maelezo hayo. Jambo jingine ni lugha: Ibara ya 120 ya Katiba ya Kenya inakitambua Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, na Hansard huichapa michango ya Kiswahili kama ilivyotolewa, ilhali maelezo na uchambuzi wa tovuti hii umeandikwa karibu wote kwa Kiingereza. Mkulima wa Kwale aliyesikia mbunge wake akizungumza kwa Kiswahili analazimika kusoma tathmini ya mchango huo kwa lugha nyingine.

Nikiwa bado Kenya, The Elephant ninaitaja kwa kifupi. Ni jarida la mtandaoni linaloongozwa na John Githongo, aliyekuwa katibu mkuu wa utawala bora na maadili chini ya Rais Kibaki hadi alipokimbilia uhamishoni kwa sababu ya kashfa ya mikataba hewa ya Anglo Leasing, na insha zake ndefu kuhusu deni la taifa, ardhi na polisi ndizo bora zaidi za aina hiyo ninazozijua katika ukanda wetu. Baadhi zinazidi urefu unaohitajika. Ninaliweka kwenye orodha hasa kwa ajili ya hazina yake ya makala za zamani. David Ndii, ambaye sasa ni mwenyekiti wa baraza la washauri wa uchumi wa Rais Ruto, aliwahi kuwa miongoni mwa waandishi wake wakubwa, na makala zake bado zipo. Kumsoma mchumi akiwa nje ya Serikali, kisha kumsikiliza akiwa ndani, ni elimu ambayo hakuna mwalimu anayeweza kuitoa kwa njia nyingine.

Kwa Tanzania chaguo langu ni The Chanzo, chombo kilichoanza mwaka 2020, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wengi wa wasomaji wangu wako huku. Kinachoandikwa hapo kipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na jambo hilo peke yake linakitofautisha na karibu kila jina katika orodha hii. Kiswahili chake si tafsiri ya haraka ya makala ya Kiingereza. Mahojiano yanafanyika kwa Kiswahili, mgeni anaulizwa swali la pili na la tatu, na anaachiwa nafasi ya kumaliza hoja. Nimezoea vipindi ambavyo mtangazaji humshukuru mheshimiwa kabla hajajibu chochote, na kwa hiyo swali la kufuatilia linaloulizwa kwa adabu na bila woga ninalithamini sana.

Mwaka wenyewe ulihitaji chombo cha namna hiyo. Tarehe 2 Februari Bunge lilipitisha miswada mitatu, ule wa uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani, ule wa Tume ya Uchaguzi, na ule wa mambo ya vyama vya siasa, na Tume ikapata neno huru katika jina lake. Mjadala wa maana haukuwa wa jina, ulikuwa wa vifungu: nani anateua, nani anaweza kuondolewa na kwa utaratibu gani, na nani anasimamia vituo. Septemba tulimpoteza Ali Mohamed Kibao, mjumbe wa sekretarieti ya chama cha upinzani cha CHADEMA, aliyeshushwa kwenye basi na watu wenye silaha na mwili wake kupatikana baadaye jijini Dar es Salaam; Rais Samia aliagiza uchunguzi. Tarehe 27 Novemba ukafanyika uchaguzi wa serikali za mitaa, chini ya usimamizi wa TAMISEMI, ofisi ya Serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na si wa Tume, na matokeo rasmi yakaipa CCM zaidi ya asilimia 98 ya nafasi. Takwimu ya namna hiyo haiwezi kueleweka bila kurudi nyuma hadi kwenye hatua ya uteuzi wa wagombea, na mwandishi asiyeijua kanuni ya pingamizi na rufaa atabaki kurudia kauli za pande mbili. The Chanzo wanajitahidi kuanza na kanuni. Hawafanikiwi kila mara, na ripoti zao za matukio ya siku wakati mwingine ni fupi mno kiasi cha kutotofautiana na za wengine, lakini katika uchambuzi na mahojiano wako mbele.

Ninawapa uzito pia kwa sababu ya mazingira wanayofanyia kazi. Tarehe 2 Oktoba 2024, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilisimamisha kwa siku 30 leseni za maudhui ya mtandaoni za kampuni inayochapisha Mwananchi na The Citizen, kwa sababu ya video ya katuni iliyogusa suala la watu waliopotea. Chombo kikubwa kina magazeti ya karatasi ya kuegemea kikifungiwa mtandao. Chombo kidogo cha mtandaoni kikifungiwa hakina pengine pa kwenda. Anayeendelea kuandika kuhusu katiba, polisi na uchaguzi huku akilijua hilo anafanya kazi ambayo wasomaji tunapaswa kuilipia, kwa kujiandikisha kupokea jarida lao kwa barua pepe na kwa kusoma makala kwenye tovuti yao badala ya kunakiliana maandishi yake kwenye WhatsApp.

Mtu ataniuliza kuhusu JamiiForums. Heshima yangu kwake ni kubwa. Tangu 2006, Maxence Melo na Mike Mushi wamewapa Watanzania mahali pa kuzungumza siasa kwa Kiswahili bila kuonesha kitambulisho, na Melo amelipa gharama ya jambo hilo: alikamatwa Desemba 2016 na kufikishwa mahakamani kwa kukataa kuwapa polisi taarifa za wachangiaji, na mwaka 2019 Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari ya New York ikampa tuzo yake ya kimataifa. Kashfa nyingi zilipita hapo kabla hazijafika Bungeni. Lakini nikikitumia kipimo changu sawasawa, mchango usio na jina ni fununu hadi utakapoletewa hati, na msomaji mgeni hana njia ya kumtofautisha mtumishi aliyekasirika kwa haki na kada aliyetumwa. Kwa hiyo chaguo langu si mijadala yenyewe, ni JamiiCheck, kitengo chao kinachochukua madai yanayosambaa na kuyapima kwa Kiswahili. Pale unaona dai, chanzo chake, na kilichopatikana, na wakati wa uchaguzi wa Novemba ndiko nilikowaelekeza ndugu na jamaa walionitumia barua zenye mihuri ya kughushi.

Kwa wasomaji wa Bukavu, Goma na Lubumbashi, na kwa sisi tunaotaka kuwaelewa, ninapendekeza Ebuteli, taasisi ya utafiti ya Wakongo inayofanya kazi pamoja na Congo Research Group ya Chuo Kikuu cha New York. Waliokuwa wakisoma Congo Siasa, blogu ya Jason Stearns, watautambua ukoo: uvumilivu katika kuhesabu matukio, kutaja makundi kwa majina yao, na kukataa maelezo ya vita yanayoanza na kuishia kwenye madini. Kundi la New York, pamoja na Human Rights Watch, ndilo lililoanzisha mwaka 2017 ramani ya matukio ya usalama katika Kivu. Mwaka 2024 waasi wa M23 waliingia Kanyabayonga mwishoni mwa Juni, usitishaji mapigano ukatangazwa kuanza tarehe 4 Agosti, mkutano wa marais uliopangwa Luanda tarehe 15 Desemba ukavunjika, na katikati ya hayo Rais Tshisekedi akatangaza Kisangani, mwezi Oktoba, nia ya kuibadilisha katiba. Ebuteli huyafuatilia mambo ya vita na ya Kinshasa kwa pamoja, nami sijui namna nyingine ya kuyaelewa. Kikwazo ni Kifaransa. Mamilioni ya watu wanaoandikwa humo huishi kwa Kiswahili, na muhtasari wa ukurasa mmoja tu kwa lugha yao ungefika mahali ambapo ripoti ya kurasa 40 haitafika.

Udadisi ya Chambi Chachage ndiyo blogu pekee ya mtindo wa zamani niliyoibakiza. Ni ya mwanahistoria, ina Kiswahili na Kiingereza, na inawapa nafasi waandishi wengine wabishane na mwenye nyumba. Mimi huitumia kama maktaba: mjadala wa ardhi, wa Azimio la Arusha, wa katiba, wa umajumui wa Afrika, yote yamo. Unapomsikia mwanasiasa wa leo akidai kwamba jambo fulani halijawahi kujadiliwa Tanzania, tafuta humo kwanza.

Nimeacha nje makundi matatu kwa makusudi. Blogu za vyama na za wagombea sikuzihesabu, hata pale zinapoandikwa vizuri, kwa kuwa kazi yake ni kutafuta kura. Televisheni za mtandaoni zinazoweka kichwa cha habari cha kutisha juu ya hotuba ya kawaida sikuzihesabu pia, ingawa nakiri kwamba hotuba nzima isiyokatwa ina manufaa yake kwa anayejua kuisikiliza, hasa Tanzania, ambako matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge kupitia televisheni ya Taifa yalisitishwa mwaka 2016. Na sikuihesabu kurasa yoyote inayochapisha picha ya hati bila tarehe, bila ukurasa wa kwanza na bila kusema ilipatikanaje.

Nafasi ya mwisho katika orodha nimeiacha wazi, nayo ni ya anayeandika kuhusu halmashauri. Tanzania Bara ina halmashauri 184, na huko ndiko zilipo zahanati, madarasa, masoko, na ile asilimia kumi ya mapato ya ndani inayokopeshwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, mikopo iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. CAG huandika kuhusu halmashauri hizo kila mwaka, kitabu kizima, na ripoti yake hupatikana kwa yeyote mwenye bando. Vyombo vyetu huisoma kwa wiki moja mwezi Aprili, vikichukua kiasi kikubwa zaidi kilichopotea, kisha vinahama. Sijapata mwandishi anayechukua halmashauri moja, akachapisha bajeti yake, akahudhuria vikao vya baraza la madiwani, akazifuatilia hoja za ukaguzi hadi zijibiwe, na akaandika yote kwa Kiswahili ambacho mwenyekiti wa kijiji na mfanyabiashara wa sokoni watakisoma bila mkalimani. Kama yupo msomaji anayemjua wa aina hiyo, iwe ni Kilwa, Kasulu au Micheweni, aniandikie anitumie anwani yake, nami nitaanza kumsoma kabla ya vikao vya bajeti vya robo ijayo.